Nyuma ya kava la pembeni: cha kubeba kwenye bodaboda na cha kuacha nyumbani

Mkuu, umeuliza ubebe nini kwenye kile kinafasi cha nyuma ya kava la pembeni la Boxer kama unapiga njia za vijijini, ambako fundi wa karibu yuko mbali na mtandao wa simu wa kubahatisha. Nafasi yenyewe haizidi sana ukubwa wa viganja viwili, na betri na nyaya ziko humo humo. Kwa hiyo kinachoingia kiwe cha kuitoa pikipiki porini hadi kwa fundi. Vifaa vya kufungulia injini mwachie yeye.

Usianze na dukani. Siku huna kazi, pandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, toa gurudumu la nyuma, toa plagi, legeza waya wa klachi, halafu rudisha vyote. Kila spana uliyoigusa weka pembeni. Hizo ndizo zako. Seti za dukani zimejaa namba ambazo pikipiki yako haina hata nati yake, na mara nyingi inayokosekana ni ile kubwa ya ekseli ya nyuma, yaani ile ile utakayoililia pancha ikikukuta. Spana ya plagi nayo si moja kwa zote: mara nyingi plagi ya uzi wa mm 10 inataka soketi ya 16, ya mm 12 inataka 18, na ya mm 14 inataka 21. Ongeza plaizi ndogo na bisibisi moja ya kugeuza ncha, bapa upande mmoja na nyota upande wa pili.

Pancha ndiyo itakayokusumbua kuliko vyote. Beba tyubu moja nzima kuliko kutegemea viraka peke yake, maana vali ikichanika shinani hakuna kiraka kitakachoshika. Soma namba ubavuni mwa tairi. Boxer 150 nyingi zina rimu ya inchi 17 mbele na nyuma, na tyubu nyingi huandikwa 2.75/3.00-17, kwa hiyo moja inaokoa magurudumu yote mawili. Kama mbele na nyuma zinatofautiana, beba ya nyuma. Ndiko uzito uliko na ndiko misumari inakoingia zaidi. Tyubu isilale uchi na spana. Mtikisiko wa barabara ya vumbi unaisugua taratibu, na siku ya kuihitaji utakuta imetoboka kabla haijavaa tairi. Ipake poda, ikunje, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, halafu izungushie kitambaa. Kitambaa hicho hicho ndicho utakachopitisha ndani ya tairi kutafuta mwiba kabla ya kuweka tyubu mpya. Kidole usikitume kazi hiyo.

Gundi ya viraka ikishafunguliwa inakauka hata ukiifunga vizuri, hivyo chukua tyubu mbili ndogo ambazo hazijafunguliwa, badala ya moja kubwa. Sugua kwa msasa, paka, subiri kama dakika tano hadi mng'ao upotee, ndipo ubandike. Wengi wanabandika ikiwa bado mbichi, kiraka kinateleza, halafu lawama zinamwendea muuza gundi. Vyuma viwili vya kutolea tairi, vya urefu wa sm 20 hivi, vinatosha. Ukiona unatumia nguvu sana, ukingo wa tairi wa upande wa pili haujashuka kwenye bonde la katikati ya rimu. Ukanyage ushuke, na wa upande wako utalegea wenyewe. Pampu haitaingia humo. Ifunge kwenye fremu chini ya siti kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Cheni: kiungio kimoja chenye klipu. Soma ubavuni mwa cheni kama imeandikwa 428 au 428H. Ya H ina bamba nene, hivyo pini zake ni ndefu. Kiungio cha 428 ya kawaida hakitafika, na klipu haitakaa kwenye mfereji wake. Mdomo wa klipu, yaani upande wake ulio wazi, uangalie kinyume na mwendo wa cheni, la sivyo inaweza kugonga kitu ikachomoka.

Waya wa klachi hukatikia karibu na mkono wa klachi kwenye usukani, uzi mmoja mmoja, na dalili yake ni mkono huo kuwa mgumu au kulegea kila baada ya siku chache. Waya mpya unaweza kuulaza sambamba na wa zamani na kuufunga kwa kebo tai, hivyo hauli nafasi kabisa. Ziba ncha zake kwa selotepu, vumbi lisiingie. Ukikatika na huna mwingine: washa injini ikiwa nyutro, sukuma hadi pikipiki itembee, rukia, piga gia ya kwanza. Itashtuka lakini itakwenda. Abiria ashuke kwanza.

Plagi ibaki kwenye boksi lake, maana ikigongwa pengo la ncha linajifunga na cheche hakuna. Fyuzi beba mbili za ampea zile zile zilizoandikwa kwenye ile iliyomo. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iache kabisa: fyuzi inaungua ili nyaya zisiungue, ukiizuia zinaungua nyaya. Selotepu ya umeme usibebe roli zima. Zungushia mita mbili tatu kwenye mpini wa bisibisi. Waya mlaini wa kufungia nondo, mita moja, unashika ekzosi iliyolegea hadi mjini.

Sasa upangaji, ambao wengi hawaujali. Spana ikigusa nguzo chanya ya betri na fremu kwa pamoja ni shoti, na moto unaweza kuanzia hapo. Vyuma vyote vishonewe mfuko wa jinzi kuukuu, vikunjwe, vifungwe kwa mpira visicheze. Hakikisha mfuniko wa plastiki wa nguzo chanya upo. Betri yako ikiwa ya maji ya asidi, ina kimpira cha kupumulia. Kikibanwa na mzigo, asidi inatafuta njia nyingine na kukulia mfuko pamoja na rangi ya fremu. Kitambaa kisiachwe huru karibu na mdomo wa eya klina. Kikivutwa pale pikipiki inakosa pumzi kwenye mwendo mkubwa, na fundi ataanza kufungua kabureta isiyo na kosa.

Petroli kwenye chupa ya maji isiingie humo hata kidogo, kwa sababu ya betri hiyo hiyo. Pawa banki nayo hapana, joto na mtikisiko vinaiua. Leseni kaa nayo mwilini. Kufuli la kava ni dogo na bisibisi yoyote inalifungua. Humo weka nakala tu ya kadi ya pikipiki, iliyofunikwa plastiki.

Nafasi ikibaki, jozi moja ya glavu za mpira na bandeji. Kila unapomwaga oili, fungua kava, toa vyote, angalia kutu, na jaribu kama gundi bado inabonyea ndani ya tyubu yake.