Kwa nini hesabu ya wajumbe huchelewa

Ndugu, umeuliza kwa nini mshindi wa kura za mchujo Marekani hutangazwa usiku uleule, ilhali idadi ya wajumbe wake, yaani watu watakaompigia kura kwenye mkutano mkuu wa chama unaoteua mgombea urais, inasubiriwa kwa siku kadhaa. Kwa Democrats, kura za jimbo zima hutoa sehemu tu ya wajumbe. Wengi wao hugawanywa wilaya kwa wilaya kulingana na asilimia, na asiyefikisha asilimia 15 haambulii kitu. Kwa hiyo kura chache zilizobaki katika wilaya moja zinaweza kuhamisha mjumbe hata kama mshindi wa jimbo habadiliki.

Chukua wilaya yenye wajumbe 4 na wagombea wawili. Mmoja akipata asilimia 60 na mwenzake 40, wanagawana 2 kwa 2! Ili apate wa tatu lazima avuke asilimia 62.5. Lakini wajumbe wakiwa 5, kuzidi nusu kidogo tu kunampa 3. Ndiyo maana mimi siangalii sana nani kaongoza. Naangalia kaongoza wapi.

Mchujo wa Democrats jimboni New Hampshire, Februari 2020: Sanders alimshinda Buttigieg kwa kura karibu 4,000, na kila mmoja akapata wajumbe 9. Warren na Biden walitoka mikono mitupu. Missouri 2008 Obama alimpita Clinton kidogo, wakamaliza 36 kwa 36.

Kwa Republicans hutegemea sheria za jimbo. Florida 2016 mshindi alichukua wajumbe wote, hivyo Trump alizoa wote 99, hapakuwa na cha kusubiri.