Mtoto anayewajibu wakubwa: nilivyomsoma Jane Eyre nyumbani kwa mkaza mjomba

Dada yangu, umeuliza kama umpe binti yako wa miaka 12 riwaya ya Jane Eyre aliyoshauriwa na mwalimu wake. Umesoma sura za mwanzo ukashtuka: mtoto wa miaka 10 anamwambia mlezi wake usoni kwamba hampendi, na kwamba hatamwita shangazi tena maisha yake. Unachelea mwanao asije akajifunza ufidhuli. Swali lako limenikaa moyoni tangu jana, maana mimi kitabu hicho nilikisoma nikiishi katika nyumba inayofanana sana na ile ya akina Reed wanaomlea Jane, hapa hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Nitaandika kirefu, unistahimilie.

Mama alifariki nikiwa na miaka 7, mjomba akanichukua. Mjomba kazi yake ilikuwa Mombasa, akija nyumbani mara moja moja, kwa hiyo aliyenilea hasa ni mkaza mjomba, yaani mkewe. Sikulala njaa kwake, na nguo ya Idi nilishonewa kama wanawe. Nilichokikosa ni kuaminiwa. Siku moja, nyumba imejaa wageni wa arusi, ikapotea noti ya shilingi 100 iliyokuwa kwenye kidaka. Akasema mbele ya wanawake wote kwamba mimi ni mrongo na mwizi. Nikamjibu. Nilisema wallahi sikuichukua, na wewe wajua sikuichukua, ni kwamba hunipendi tu. Nilipigwa kofi, nikafungiwa chumba cha ndani mpaka adhana ya magharibi. Tangu siku ile jina langu mtaani likawa "yule mtoto asiye adabu". Noti ilikuja kuonekana kwa mwanawe, na hakuna aliyesema kitu.

Nilipofika kidato cha pili mwalimu wa Kiingereza akaniazima Jane Eyre. Nilikuwa nikisomea kwenye wikio, kile chumba kilichopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, kwa sababu pale palikuwa na dirisha na hakuna aliyenitafuta. Nikafungua ukurasa wa kwanza: mtoto yatima amejificha dirishani nyuma ya pazia jekundu, anasoma kitabu cha ndege. Binamu yake John anamvumbua, anamrushia kile kitabu, kichwa kinapasuka. Jane anapigana naye, na anayeadhibiwa ni Jane. Anafungiwa chumba chekundu, chumba alichofia mjomba wake.

Mjomba! Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi, kwa mama mdogo na kwa mke wa mjomba, kwa hiyo msomaji wa kwao huenda jambo hili likampita. Sisi twaliona mara moja. Bwana Reed alikuwa ndugu wa mama yake Jane, na alipokuwa anakata roho alimwahidisha mkewe kwamba atamlea yule mtoto kama wa kwake. Bi Reed ni mkaza mjomba. Ameachiwa amana ya damu isiyo yake, na mwenye damu hayupo tena. Nililia pale kwenye wikio kama mtu aliyesomewa barua yake mwenyewe.

Sasa nije kwenye hofu yako. Hukuanza wewe kuwa nayo. Kitabu kilitoka mwaka 1847, na mwaka uliofuata mhakiki mmoja katika jarida la Quarterly Review huko London alikishambulia, akaona roho ya Jane haina unyenyekevu wa Kikristo. Lakini soma kinachofuata baada ya Jane kumjibu Bi Reed. Kwanza anajiona ameshinda vita. Haipiti nusu saa, ule utamu wa kulipiza unageuka mdomoni mwake ukawa kama sumu, na angependa kwenda kuomba msamaha, ila anajua atazidi kudharauliwa. Mwandishi hakuficha ladha hiyo. Mimi niliijua kabla ya kuisoma, kule chumba cha ndani.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote watu wengi huiruka. Jane amepelekwa Lowood, shule ya bweni ya mayatima. Mwenye kuisimamia, Bwana Brocklehurst, anamsimamisha juu ya kibago mbele ya shule nzima na kutangaza kwamba mtoto huyu ni mrongo, kwa ushahidi wa Bi Reed. Jioni mwalimu mkuu, Bi Temple, anamchukua Jane pamoja na rafiki yake Helen Burns chumbani kwake, anamwambia Jane: haya, jitetee, na baadaye anawapa chai na keki. Helen alikuwa amekwisha kumwonya kuhusu kufuga kinyongo. Kwa hiyo safari hii Jane anajizuia. Anapanga maneno, anasema yaliyotokea kwa utaratibu, anapunguza uchungu na matusi, na mwenyewe anahisi kwamba yakisemwa hivyo yanaaminika zaidi. Bi Temple anamwandikia yule tabibu aliyemtibu Jane zamani, majibu yanakuja baada ya kama wiki moja, na Jane anasafishwa jina mbele ya shule nzima.

Dada, kwenye chuo cha Kurani tumefundishwa sote: sema kweli japo ni chungu. Hatukufundishwa namna ya kuisema. Mimi ukweli wangu niliupiga kelele mbele ya wageni, ukasikika kama utovu wa adabu, na uwongo uliosemwa kwa upole ukaaminiwa. Binti wa miaka 12 anahitaji sana sura ile ya Bi Temple, na mama yake anaihitaji zaidi, kwa sababu Jane asingejifunza kusema vizuri kama pasingekuwa na mkubwa wa kumwambia "sema, nasikiliza" kisha akafanya kazi ya kuthibitisha.

Jambo moja usikose kumweleza. Helen anakufa kwa kifua kikuu, na Jane anakutwa asubuhi amelala kitandani mwake amemkumbatia. Hayo hayakutungwa hewani. Mwandishi, Charlotte Brontë, alifiwa na mama akiwa na miaka 5, na mwaka 1825 dada zake wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugua wakiwa shule ya bweni wakafa, mmoja na miaka 11, mwingine 10. Helen ametokana na Maria. Mwanao akisoma akijua hivyo, hatamwona Jane kama mtoto mtundu tu.

Ya Bwana Rochester, tajiri anayependana na Jane ukubwani, yatangoja. Kitabu kina sura 38, na kwa umri wa binti yako sura 10 za mwanzo zatosha kwa sasa. Ule mkasa wa mapenzi ausome akifika miaka 15 hivi. Darasani kwetu wasichana wote tuliuliza swali moja: kwani asiolewe tu mke wa pili? Mwalimu akatueleza kwamba sheria ya Uingereza haikuruhusu. Mimi naona hata ingeruhusu, yule bwana alimficha mke wake wa kwanza ghorofani na Jane akaja kujua akiwa kanisani siku ya ndoa. Aliondoka alfajiri akiwa na shilingi 20 tu, na sikumlaumu. Na tafadhali usimnunulie toleo lililofupishwa. Nimeyaona kadhaa: hubakiza kofi na ndoa, na chai ya Bi Temple hutupwa.

Lakini wewe mwenyewe, usimpe kabla hujasoma sura ya 21. Miaka imepita, Jane ni mwalimu wa nyumbani kwa Rochester, na Bi Reed anaumwa, anamwita. Jane anakwenda. Pale ndipo anapoambiwa kwamba miaka mitatu nyuma ndugu wa baba yake, aliyekuwa Madeira, aliandika akitaka kumfanya mwanawe na kumrithisha, na Bi Reed akajibu kwamba Jane alikufa kwa homa ya taifasi. Kwa nini? Kwa sababu hakuweza kuyasahau maneno ya siku ile. Kumbe kujibu kule kulikuwa na gharama yake, na riwaya inaitaja wazi. Jane anamsamehe yote, anaomba busu. Bi Reed anageuza uso. Anakufa usiku ule bila kupatana naye.

Mkaza mjomba alipopigwa na kiharusi nilikuwa nafanya kazi Mombasa. Nilipanda basi mpaka Mokowe, nikavuka kwa boti, nikakaa naye miezi minne. Usingizi ulikuwa haumjii, akataka hadithi, nami nikawa namhadithia Jane Eyre kwa Kiswahili, kidogo kidogo kila usiku. Chumba chekundu nilikipita haraka. Tulipofika kifo cha Bi Reed akauliza, kwa ule ulimi wake mzito:

"Yule mama hakumpa radhi mtoto?"

"Hakumpa."

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani amelala.

"Alikuwa akiona haya yule," akasema. "Si kwamba hakutaka."

Sikumuuliza kitu. Nilimfunika shuka, na kesho yake usiku akaniambia nianze tena, toka pale mtoto alipokuwa dirishani.