Barua za wasomaji: marshe (kontra ya kazi) ya ambasade, na zile dola 800

SWALI: Yaya, jambo sana. Miye niko na kasosete ka kujenga hapa Lubumbashi, tuko bantu kenda, RCCM (karatasi ya rejista ya biashara) iko, namba ya empo (kodi) iko, CNSS (kasha ya pensheni ya batumishi) tunalipa. Juma iliyopita rafiki alinitumia apeldofre (tangazo la kuomba sosete zitume bei) ya ambasade ya Marekani kule Kinshasa, ni kutengeneza ukuta, mitaro ya maji na paa ya nyumba ya jenereta. Kuko muntu mumoja hapa mjini ananiomba dola 800 aniingize kwa SAM.gov, ile saiti ya serikali ya Marekani ya kuandikisha sosete, ati nikiisha kuingia na bei yangu ikiwa chini ya bote basi marshe ni yangu. Nimupe? Na garanti ya banki banayoomba ni kitu gani? Nimebakia na siku 19.
Msomaji wa Kamalondo

JIBU: Mudogo wangu, zile dola 800 bakia nazo mu mfuko. Kujiandikisha kwa SAM.gov ni bure, hata senti moja haulipe, na ile NCAGE, namba ya kutambulisha sosete yenye za inje ya Marekani zinaombaka mbele ya kumaliza SAM, nayo ni bure. UEI, namba ingine ya kutambulisha sosete, utaipata mulemule mu SAM. Iliingia pa nafasi ya namba ya zamani, DUNS, mwezi wa 4 mwaka 2022, kwa hiyo muntu akikuambia leo ulete DUNS, ujue ameacha kufuata hii mambo zamani.

Pahali bantu banaangukiaka ni jina. Jina na adresi ya NCAGE na ya SAM zinapaswa kufanana herufi kwa herufi, na huku kwetu unajua vile inakuwaka, RCCM inaandika jina na SARL nyuma, kasheti (muhuri) ya sosete haina SARL, adresi ya RCCM ni ya nyumba mulitoka zamani Katuba, depo sasa iko Kampemba, na sanduku la posta habalikubali, banataka avenyu na namba ya nyumba. Rekebisha hiyo kwanza, na makaratasi ya Kifaransa uyapeleke kwa mutafsiri wa kiapo ayaweke mu Kiingereza. Bakikurudishia dosye mara mbili tu, siku zako 19 zimeisha. Sitakudanganya, kama haujaanza, hii marshe pengine itakupita. Anza hata hivyo, leo, juu ya ile itakayokuja, na usisahau kila mwaka kuifanya upya.

Kuhusu bei, yule muntu amekuambia nusu. Ni kweli kwa kazi ya namna hii mara nyingi banachukuaka bei ya chini, lakini ya chini kati ya ofa zenye zimekubalika. Dosye ikikosa kitu, bei yako hakuna atakayeiangalia. Miye mwenyewe nilipoteza marshe moja hivyo, ambasade sitaitaja: zilikuwa zimebakia siku 4 bakatuma amendema (badiliko la dosye), karatasi moja tu, nikaisoma na sikuandika pahali popote kama nimeipokea. Ofa ikawekwa pembeni. Nilikuwa nimekwisha kuambia bantu bangu bajitayarishe, na mpaka leo nikiikumbuka roho inaniuma. Kwa fomu yao ya kujenga, SF 1442, kuko pahali pa kuandika kila amendema na tarehe yake. Jaza pale. Na saa ya mwisho ni saa ya mwisho, ukikumbuka kwamba Kinshasa banatufuata nyuma saa moja hiyo inakusaidia, lakini usiihesabie.

Halafu panda ndeke uende kuona shantie (pahali pa kazi) siku bameweka ya ziyara. Najua tiketi ni ghali. Lakini usipopima ule mutaro kwa mikono yako utaandika bei ya kubahatisha, na bei ya hizi kontra ni ya kufunga, haibadilike, ukikuta jiwe chini ni jiwe lako. Usipige hesabu na bei za hapa Lubumbashi: sima ya Kinshasa inatokaka sana Kongo Central, siyo kwetu, na usafiri wake, na masoni, na bei ya nyumba ya kulala bantu, vyote ni vingine kabisa. Swali lolote uandike, jibu banalitumia sosete zote. Kuhusu TVA, ile kodi ya mauzo ya 16%, soma vizuri dosye inasema nini mbele ya kuiweka, maana ambasade kwa kawaida hazilipake.

Weka pia mu hesabu siku za kungoja. Bantu bako habaingie pale kama majina na vitambulisho havijapitishwa na basekirite, inaweza kuchukua majuma, na ukichelewa kumaliza kuko kikato cha makuta kila siku.

Garanti ya banki ni ahadi ya banki kwamba ukikimbia kazi, yeye atalipa. Banki nayo haikuamini bure, itakufungia makuta yako kwa konti, na hapo njo kasosete kadogo kanakosa hewa, juu makuta yamefungwa na kuko vyuma vya kununua. Uende kwa banki mbele ya kutuma ofa, si nyuma. Kwa malipo banaheshimu: FAR, sheria yao ya manunuzi, inatoa siku 14 kwa fakitire ya kipande cha kazi ya kujenga yenye ingali inaendelea, ikiwa imeandikwa sawasawa.

Na injiniere wa pale akikuambia kwa mdomo ongeza metre 10 za ukuta, umujibu kwa heshima alete karatasi ya ofisa wa kontra. Ni huyo tu anaweza kubadilisha kontra, mwingine yeyote utajengea bure.

SWALI: Yaya, na kujenga ambasade mupya yote, sisi ba Congo tunaweza kuomba?
Fundi wa Ruashi

JIBU: Moja kwa moja, hapana. Sheria ya Marekani ya 1986 inaachia zile kazi kubwa sosete za kwao, na zinapitia OBO, ofisi yao ya majengo ya ambasade, kule Washington. Utaingia kama sutretan, ni kusema sosete inafanya kipande cha kazi chini ya ile kubwa: angalia nani amepewa, umuandikie mapema, na umutumie picha za kazi umemaliza, na bei zako.