Moto, baridi na sumu: unapobuni mapigo ya kichawi

Ukianza kuendesha michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika na dadu zinaamua matokeo, haitachukua muda kabla mchezaji wako hajakuletea karatasi: amebuni uchawi wake mwenyewe, wa kudhuru, na anataka kujua aupe dadu ngapi, yaani uumize kiasi gani. Nimeulizwa swali hilo miaka mingi. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nililijibu vibaya, maana nililichukua kuwa swali la hesabu peke yake.

Hesabu yenyewe huwezi kuikwepa. Dadu ya pande 6 ina wastani wa 3.5, ya pande 8 ni 4.5, ya pande 10 ni 5.5. Sasa chukua Mpira wa Moto wa Dungeons & Dragons, toleo la tano, kama ulivyochapishwa 2014. Ni uchawi wa daraja la 3 (daraja likipanda, nguvu inapanda), dadu 8 za pande 6, wastani wa 28, na unampata kila aliye ndani ya futi 20 kutoka pale unapolipukia. Anayefaulu kujinusuru, yaani kurusha dadu yake ili akwepe, anaumia nusu. Lakini mwongozo wa msimamizi, yule anayeendesha mchezo, wa toleo hilohilo una jedwali la wanaobuni uchawi wao, nalo linasema uchawi wa daraja la 3 unaopiga wengi upewe dadu 6 za pande 6, yaani wastani wa 21. Mpira wa Moto umevuka kipimo kwa dadu mbili nzima! Wageni wengi hawalioni hili. Wanaufanya ndio rula yao, na kila wanachobuni kinakimbizana nao. Pima kwa jedwali, Mpira wa Moto uuache na upekee wake. Ni uchawi wa tangu Chainmail ya 1971, mchezo wa vita vya sanamu ndogo, ambamo mpira wa moto wa mchawi ulifananishwa na pigo la manati kubwa. Ulizaliwa kuvunja vikosi, si kumwangusha mtu mmoja.

Wastani nao unadanganya usipoangalia unampiga nani. Katika kanuni hizo za 2014, goblini wa kawaida, adui mdogo na dhaifu, ana uhai wa 7, yaani pointi 7 za kuumizwa kabla hajaanguka. Ukimpiga 28, ile 21 iliyozidi haikufanya kazi yoyote. Upande wa pili kuna zimwi lenye uhai wa 59: likibakiwa na 1, bado rungu lake linashuka kwa uzito uleule. Kwa hiyo pigo la wengi lina thamani maadui wakiwa wengi na dhaifu, na pigo la mmoja lina thamani likimaliza kazi. Kabla ya kukubali uchawi mpya, mimi huujaribu kwa maadui wa aina zote mbili, peke yangu, dadu mkononi. Dakika kumi zinatosha.

Kosa langu kubwa lilikuwa la radi. Mchezaji mmoja alibuni mshale wa radi wa daraja la 2, dadu 6 za pande 8 kwa adui mmoja, haukosi na hakuna kujinusuru nao. Nilitazama wastani wa 27, nikaona adui ni mmoja tu, nikakubali. Sikuona kwamba kutokosa kuna bei yake. Kombora la Kichawi la daraja la 1 halikosi pia, lakini linalipia: vishale vitatu, kila kimoja dadu moja ya pande 4 na kuongeza 1, jumla wastani wa 10.5. Baada ya vikao vitatu vya radi ile, mpiganaji wa kundi letu aliacha hata kueleza anavyozungusha upanga. Alikuwa anasema namba tu na kupisha zamu. Iliniuma, maana ni mimi niliyemnyang'anya mchezo wake. Tuliipunguza radi kwa makubaliano, na ilibidi nimwombe radhi.

Lakini jambo ambalo ningependa sana ulibebe ni ladha. Tazama uchawi mdogo, ule usioisha. Mshale wa moto unapiga dadu ya pande 10. Mwale wa baridi unapiga ya pande 8 na kumpunguzia adui mwendo wa futi 10. Tofauti ya wastani ni pointi moja. Kwa pointi hiyo moja mchawi amenunua nafasi ya kumtorosha mwenzake aliyejeruhiwa, na kitu kama hicho mezani kinasimuliwa kwa miezi. Kejeli ya mghani, katika kanuni hizo za 2014, ilikuwa na dadu ya pande 4 tu, na bado ilipendwa, kwa sababu adui aliyekejeliwa aliyumba katika shambulio lake lililofuata.

Ukibadili "moto" kuwa "barafu" na usiguse kingine, umepaka rangi tu. Moto uunguze: barua ya ushahidi iliyoachwa mezani, mapazia, ngazi ya mbao mliyopandia. Ngurumo isikike vyumba vitatu mbele, walinzi waje. Na ujue kwamba aina ya dhara ni sehemu ya mizani. Sumu haiwagusi wafu wengi wanaotembea, kwa hiyo inaweza kuongezewa dadu kidogo. Nguvu tupu ya kichawi karibu hakuna anayeihimili, kwa hiyo mchezaji anayeomba moto wake ugeuzwe nguvu tupu anaomba nyongeza, hata kama hajui. Ila usirundike. Athari moja kwa kila uchawi inatosha. Mbili zinasahaulika, tatu zinachelewesha zamu ya kila mtu.

Siku hizi nikiletewa karatasi, swali la dadu huliweka kando kwanza. Nauliza: uchawi ukishapita, mahali pale panaonekanaje? Wa mwisho kuulizwa alikuwa na upepo wa mchanga wa daraja la 3, dadu 6 za pande 6. Alifikiri kidogo, akasema, "Macho. Kila mtu anafikicha macho." Tukaondoa dadu 2, na aliyeshindwa kujinusuru akawa haoni hadi mwisho wa zamu yake inayofuata. Mara ya kwanza alipoutumia hakuua hata adui mmoja. Kundi zima lilipita katikati ya walinzi sita, likatoka mlangoni.