Kidonda cha mguu cha mzee: usikimbilie bendeji ya kubana

Mkuu, umesema mama ana miaka 71, ana sukari na presha, kidonda cha kidole gumba kina miezi mitatu, na kuna mtu kakushauri ununue bendeji ya kubana. Subiri kwanza. Nimemuuguza baba yangu hapa Tanga karibu mwaka mzima.

Cha baba kilianza kwa kiatu kumchubua kidole. Zahanati ya kwanza walimfunga bendeji ya kuvuta toka vidoleni hadi gotini. Usiku kucha analalama. Asubuhi nafungua, vidole vimegeuka zambarau, baridi kama maji ya mtungi. Dalili zilikuwepo siku nyingi: akitembea kidogo anasimama kushika tafu, na usiku halali mpaka auning'inize mguu nje ya kitanda. Sisi tukasema uzee.

Hospitali ya mkoa daktari alipima presha ya mkono, ikaja 150. Kifundoni, kwa kile kidude cha dopla kinachovuma kikisikiliza damu ikipita, 70. Ukigawanya ya kifundoni kwa ya mkono haifiki nusu, wakati ateri safi (mishipa inayopeleka damu mguuni) hutoa 1 au zaidi kidogo, na chini ya 0.9 tayari zimeziba. Bendeji ilikuwa inamnyima hata ile damu kidogo iliyokuwa inafika. Ila kwa mama yako, sukari ya muda mrefu hukakamaza ateri, namba ikaonekana nzuri ya uongo. Omba wampime na kidoleni, au ultrasaundi ya mishipa.

Kubana ni dawa hasa kwa kidonda cha vena, mishipa inayorudisha damu moyoni: kile cha juu ya kifundo, mara nyingi upande wa ndani, mguu umevimba na ngozi imeiva weusi. Hata hicho, ateri zipimwe kwanza.

Kilichonishtua ni daktari kuacha kidonda na kuanza kuuliza habari za kifua. Akasema mafuta yaliyoziba mguuni hayakuchagua mguu, hata moyoni yamo. Akampima moyo, akamwanzishia statini (dawa ya kushusha mafuta kwenye damu) na aspirini ya miligramu 75 (mama asianze mwenyewe, hasa kama ana vidonda vya tumbo). Sigara marufuku. Hiyo ndiyo ilikuwa vita. Moja niliikuta ndani ya kofia yake ya kiua.

Baadaye Dar wakamtanua mshipa kwa puto, ndipo kidonda kikaanza kuota nyama nyekundu.

Maji moto ya chumvi acha, mwenye sukari huungua bila kusikia. Ukimpeleka, mwombe nesi atafute mapigo ya damu kwenye mgongo wa wayo, upande wa juu, kabla hajafunga chochote. Akiyakosa, au kidole kikianza kuwa cheusi, dai rufaa siku hiyohiyo.