Vidonge vya kansa vya kumezea nyumbani, msivichukulie poa

Bi mkubwa alivyoambiwa hatundikiwi dripu, atapewa vidonge ameze mwenyewe hapa Mbagala, wote tulishusha pumzi. Kumbe wodi ndo imehamia sebuleni na nesi ni mimi.

Dawa inaitwa kapesitabini. Ratiba yake ilikuwa asubuhi na jioni siku 14, anapumzika 7, na lazima awe ameshakula, ameze ndani ya nusu saa baada ya chakula, sasa mama yangu ni mtu wa chai ya rangi tu mpaka saa tano, basi kila siku tunagombana kwa ajili ya uji kabla sijawahi daladala. Akisahau dozi hatufidii, anasubiri ya muda unaofuata. Vidonge havisagwi, na mimi navishika na glavu maana hiyo dawa si ya kuigusa ovyo.

Mzunguko wa pili viganja na nyayo vikaanza kuwaka, vyekundu, ngozi inabanduka. Tukasingizia sabuni ya unga. Mafuta mazito mara kwa mara, maji ya moto marufuku, kufua marufuku, akapata nafuu kidogo. Halafu akaenda kurudisha laini iliyopotea, mashine ikagoma kusoma vidole, kidole hiki, kile, vyote, kijana wa wakala anamwangalia kama tapeli vile! Dawa ilikuwa imemfuta alama za vidole jamani. Kama una mambo ya laini au kitambulisho cha NIDA malizana nayo mapema, au tembea na barua ya dokta.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye kuhara. Siku moja alienda chooni mara sita, mi nikampa ORS na nikamwambia avumilie zimebaki siku tatu tu amalize, dawa yenyewe bei. Kupiga simu kliniki nikafokewa, asimamishe leo leo. Baadaye wakampunguzia dozi, na wala haikumaanisha tiba imeshindikana. Akizidisha safari nne za chooni kwa siku juu ya kawaida yake, joto likifika 38, vidonda vya mdomo vikimzuia kula, au kifua kikimuuma, usisubiri tarehe ya kliniki.

Na wageni wanaokuja na dawa zao muwakague. Shangazi alileta vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi, vile wanavyopewa wajawazito, dokta akakataa kabisa, inafanya makali ya kapesitabini yazidi. Shangazi kanuna wiki nzima, na vidonge vyake kaondoka navyo.