Kabla hujailaumu kemikali, liulize tope

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, ya kupima kama kemikali iliyomo kwenye tope inawadhuru wadudu, siku ya kwanza mtaoneshwa bika, yaani chombo cha kioo, yenye matope chini na maji juu, mabuu wekundu wembamba kama uzi, na mwongozo wa OECD namba 218, ule wa kimataifa unaoeleza jaribio hili. Mtaiona kazi nyepesi. Mimi pia niliiona hivyo, na jaribio langu la kwanza, baada ya siku 28 za kuamka alfajiri, nililimwaga lote kwenye ndoo ya taka.

Haikuniangusha kemikali. Kiliniangusha chakula. Mabuu wetu ni wa Chironomus riparius, mdudu arukaye anayefanana na mbu, na hulishwa chakula cha samaki kilichosagwa: miligramu 0.25 hadi 0.5 kwa buu mmoja kwa siku akiwa mchanga, 0.5 hadi 1 akishakua. Wiki ya pili niliwaona wametulia mno, nikawahurumia, nikawaongezea kwa kukisia. Baada ya siku mbili utando mweupe ulikuwa umetanda juu ya tope. Chakula kisicholiwa huoza, kuoza kunamaliza oksijeni na kuzalisha amonia, na amonia haichagui bika yenye kemikali na isiyo nayo. Kwenye kontroli, yaani zile bika ambazo sikutia kemikali yoyote, wadudu waliofika kuota mabawa walikuwa 11 kati ya 20. Mwongozo unataka angalau asilimia 70. Mzee mmoja fundi wa maabara alichungulia, akaniuliza, “Kijana, hawa uliwalisha au uliwapikia pilau ya Idi?”

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalolitazama asubuhi ni kontroli. Zikiyumba hizo, usisome chochote kwenye bika nyingine, hata kama matokeo yake yanakupendeza.

Mdudu mwenyewe mnamfahamu zaidi ya mnavyodhani. Aliyekulia Mwanza au Kisumu amewaona ndugu zake wakiinuka juu ya ziwa kama moshi wa shamba linalochomwa, kisha wakajaa ukutani kwenye taa. Kabla ya kuota mabawa, karibu maisha yake yote ni ndani ya tope. Wekundu wake ni himoglobini, inayomwezesha kuishi pale ambapo oksijeni ni haba. Sasa fikiria anavyokutana na sumu: iko kwenye maji yaliyo juu yake, iko kwenye maji yaliyonaswa kati ya chembe za tope, na iko kwenye chembe zenyewe anazozimeza. Ndiyo maana kemikali isiyopenda maji, ile ambayo log Kow yake (kipimo cha jinsi inavyopenda mafuta kuliko maji) ni 3 au zaidi, haiishii kupimwa kwa samaki na viroboto-maji peke yao. Haikai majini. Inashuka na kung'ang'ania mboji huko chini. Chukua tributilitini, sumu iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi za meli ili viumbe wa baharini kama chaza wasigande kwenye meli. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kutumika mwaka 2008, lakini tope la bandari huitunza miaka na miaka, na mtambo wa kuchimba kina ukipita huirudisha majini.

Basi tope ni nusu ya jaribio, tena mimi nasema ni zaidi ya nusu. Tope la kutengeneza ni piti (mabaki ya mimea yaliyooza kinamasini) asilimia 4 hadi 5, udongo mweupe wa kaolini asilimia 20, na mchanga wa kwazi (quartz) unaobaki, takriban asilimia 75, pamoja na chokaa kidogo ya kurekebisha pH, kipimo cha uchachu, iwe karibu na 7. Piti ilowekwe na kukorogwa taratibu siku mbili nzima kabla ya kuchanganywa. Msiruke hatua hiyo kwa sababu ya haraka ya Ijumaa. pH itawacheza ngoma wiki nzima. Wenye kutumia tope la mtoni nao wapime kaboni ya mboji kwanza. Miligramu zilezile kwa kilo zinaweza kuua kwenye tope la kichanga na zisimguse buu kwenye tope jeusi lenye mboji nyingi, kwa sababu mboji imezishika.

Kwa metali mshikaji mwingine ni salfaidi, ile inayonuka mayai viza. Kadimiamu iliyofungwa na salfaidi haimdhuru sana mdudu. Lakini tope hilo ukilianika au kulikoroga hewani, salfaidi inaungana na oksijeni na metali inaachiliwa. Nimemwona mtu analikausha kwenye oveni “ili lipimike vizuri”, kisha anashangaa sumu imetoka wapi.

Kutia kemikali isiyoyeyuka majini: iyeyushe kwa asetoni, kimiminika kinachoruka upesi, inyunyizie mchanga wa kwazi, acha asetoni iruke yote, ndipo uchanganye na tope bichi. Weka kontroli ya pili yenye asetoni tu. Halafu subiri. Kuna kemikali zinazotulia kwa saa au siku chache, na chache zinazotaka wiki 4 hadi 5. Mwanzo na mwisho pima tope, maji ya juu na maji ya kati ya chembe, maana kiasi ulichomimina si lazima kiwe ndicho alichokutana nacho buu.

Mambo madogo ya mikono: mimina maji juu ya kisahani cha plastiki ili tope lisitibuke. Ncha ya bomba la hewa ikae sentimeta 2 hadi 3 juu ya tope, tone la hewa moja moja. Unapoingiza mabuu zima hewa, na uiache imezimwa saa 24, la sivyo utawapeperusha kabla hawajajichimbia. Madume huwahi kutoka na hutambulika kwa papasi, zile pembe nyembamba za kichwani, zenye manyoya kama unyoya wa kuku. Wahesabu mbali na majike, maana ukiwachanganya, bika iliyobahatika kuwa na majike wengi itaonekana imecheleweshwa na sumu.

Na mkichekecha tope kutafuta waliobaki, msitegemee kuona maiti. Buu aliyekufa huoza akapotea. Asiyepatikana anaandikwa amekufa, kwa hiyo chekecheni wawili, mmoja akihesabu na mwingine akirudia trei ileile chini ya taa. Mimi niliwahi kuwaandika wanne marehemu, mwenzangu akawakuta watatu wanajinyonganyonga chini ya kipande cha piti.